Bomba la kaboni: Nyuzi zikilala vibaya, gundi pekee haikuokoi

Tarehe 18 Juni 2023, nyambizi ndogo iitwayo Titan ilianza kushuka kwenye bahari ya Atlantiki ikiwa na watu watano. Walikuwa wanakwenda kuyaona mabaki ya meli ya Titanic, yaliyolala takriban mita 3,800 chini ya maji.

Hawakufika. Chini ya saa mbili tangu safari ianze mawasiliano yalikatika, na siku nne baadaye roboti ya chini ya bahari ikakuta vipande vya nyambizi vimetawanyika sakafuni, karibu na Titanic yenyewe. Mmoja wa waliokufa alikuwa kijana wa miaka 19.

Chumba walimokaa watu wale kilikuwa bomba. Bomba nene la nyuzi za kaboni, lililozibwa huku na huku kwa vichwa vya titani.

Sasa ruka hadi Septemba 2025, Kigali. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yamefika Afrika kwa mara ya kwanza, na wanaume wanapanda na kushuka vilima vya mji huo kwa kilomita 267.5. Fremu wanazokanyagia ni za kaboni, nyepesi kiasi kwamba kuna sheria ya kuzizuia zisizidi kuwa nyepesi: baiskeli nzima isipungue kilo 6.8.

Malighafi ni ile ile. Imekuwaje huku ikabeba mbio za dunia, na kule ikasagika na watu ndani?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika jambo ambalo jicho halilioni ukishapakwa rangi: nyuzi zimelazwa kuelekea wapi, tabaka baada ya tabaka, na kati ya tabaka na tabaka kuna nini.

Uzi mmoja una nguvu gani?

Uzi mmoja wa kaboni una unene wa kama maikromita 7. Unywele wa mtu ni mnene mara kumi hivi ya huo. Kiwandani nyuzi hizi hazishikwi mmoja mmoja. Zinakuja katika mafungu, na fungu la kawaida lina nyuzi 12,000, likionekana kama utepe mweusi unaong'aa.

Kuzipata ni kazi ya moto. Nyuzi za plastiki, zinazofanana na zile za sweta za bei nafuu, huokwa kwanza kwenye hewa ya nyuzijoto 200 hadi 300. Kisha hupitishwa kwenye tanuri la zaidi ya nyuzijoto 1,000 lisilo na oksijeni, ili ziungue bila kuwaka. Kinachobaki ni kaboni karibu tupu.

Nguvu yake si mchezo. Fungu la nyuzi za daraja la kawaida, lenye unene wa milimita moja ya mraba, linaweza kuvutwa kwa uzito wa kama kilo 500 kabla ya kukatika. Nondo ya ujenzi yenye unene huo huo huanza kuvutika ikifika kilo 50 hivi. Na kaboni ina uzito wa chini ya robo ya chuma.

Lakini soma tena neno "kuvutwa". Uzi una nguvu kwa urefu wake tu. Ukiusukuma, unapinda kama uzi wowote. Kwa hiyo hufungwa ndani ya gundi ngumu, mara nyingi ya epoksi, inayoushikilia ubaki umenyooka na kuupasia mzigo jirani yake. Mchanganyiko huo wa uzi na gundi ndio watu wanauita kaboni kwa kifupi.

Kitenge kinaeleza yote

Shika kitenge kwa mikono miwili, ukivute kufuata uzi. Hakiendi popote. Sasa kivute kona kwa kona, yaani mshazari. Kinanyumbuka. Kila fundi cherehani anajua hili, ndiyo maana sketi inayotakiwa kuanguka vizuri hukatwa mshazari.

Kaboni ina tabia hiyo hiyo, ila adhabu yake ni kali zaidi.

Chukua bapa la kaboni lenye nyuzi zote upande mmoja. Ukilivuta sawa na nyuzi, ukakamavu wake ni kama gigapaskali 135. Likiwa limepinda digrii 10 tu kutoka kwenye mstari wa mzigo, unashuka hadi karibu 78. Kwa digrii 45 inabaki kama 13. Kwa digrii 90, gundi ndiyo inayofanya kazi, na unapata kama 10.

Digrii 10 ni kidogo sana. Ni mkono wa fundi kuteleza wakati wa kubandika, na zaidi ya theluthi moja ya ukakamavu imekwenda.

(Hesabu za shuleni huziita digrii "nyuzi" pia. Humu nyuzi ni nyuzi za kaboni na pembe zinapimwa kwa digrii, la sivyo tutapotezana.)

Kwa bomba, mafundi wana lugha yao fupi. Digrii 0 ni nyuzi zinazokwenda na urefu wa bomba. Digrii 90 ni zile zinazolizunguka kama pete. Zilizobaki zinalizunguka kimshazari, kama mistari ya kinyozi.

Mwanzi, soseji na chaki

Kila pembe ina kazi yake, na si lazima kwenda maabara kuiona.

Tazama mwanzi. Ni bomba la asili ambalo nyuzi zake zinakwenda na urefu, digrii 0. Ukiuweka kama boriti unabeba vizuri ajabu, kwa sababu bomba likipinda, upande mmoja unavutwa na mwingine unabanwa, vyote kwa urefu. Ila pigilia msumari kwenye mwanzi mkavu uone. Unapasuka kutoka juu hadi chini, maana hakuna uzi unaouzunguka. Fundi mzoefu hufunga waya mahali hapo kwanza. Bila kujua, ameongeza tabaka la digrii 90.

Soseji nayo. Ikipata moto sana kwenye kikaango, mvuke wa ndani huipasua kwa urefu, karibu kila mara. Ni kwa sababu bomba lililozibwa ncha zote na kujazwa presha, ukuta wake huvutwa kwa kuzunguka mara mbili ya unavyovutwa kwa urefu. Anayetengeneza mtungi wa gesi analijua hilo, kwa hiyo mzunguko anaupa nyuzi nyingi zaidi. Akitaka kutumia pembe moja tu kwa kazi zote mbili, hesabu inampeleka kwenye digrii 54.7, kwa kuongeza na kwa kutoa. Ni namba maarufu sana miongoni mwa wasuka mabomba.

Chaki ndiyo ya tatu. Ishike ncha mbili, uinyonge kama unayekamua nguo. Haikatiki mkato ulionyooka. Inakatika kwa mzunguko wa mshazari wa kama digrii 45, kwa kuwa kitu kikinyongwa mshazari mmoja unavutwa na mwingine unabanwa. Propela shafti ya gari inanyongwa hivyo kutwa nzima. Ikitengenezwa kwa kaboni, nyuzi zake nyingi hulazwa digrii 45 kushoto na digrii 45 kulia.

Kwa nini pande zote mbili? Bomba lenye mshazari wa upande mmoja tu lina kituko chake: ukilivuta, linajisokota lenyewe. Mshazari wa kulia lazima ujibiwe na wa kushoto, kwa kiasi kile kile.

Fremu ya baiskeli inapata yote kwa pamoja. Mwendeshaji akisimama kukanyaga mlimani, bomba la chini, lile linaloishia kwenye pedali, linapinda na kunyongwa kila mzunguko wa mguu. Hapo wahandisi huongeza mishazari. Sehemu nyingine hupata digrii 0 kwa wingi, na digrii 90 chache ili bomba lisibonyee.

Anayesema "hii ni kaboni" bado hajasema kitu kuhusu nguvu ya bomba.

Kubandika kwa mkono

Njia ya kwanza ya kutengeneza bomba, ambayo ndiyo inayotumika sana kwa fimbo za kuvulia samaki na mabomba madogo, inafanana na kukunja chapati kwenye mpini.

Nyuzi huja kiwandani zikiwa shuka jembamba lililokwisha kulowekwa gundi, zote zimelala upande mmoja. Gundi hiyo imeanza kukaza lakini haijamaliza, kwa hiyo shuka hutunzwa kwenye friza ya nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Likisahaulika mezani siku nyingi, gundi inakomaa yenyewe na shuka ni la kutupa.

Fundi anakata vipande. Cha digrii 0 kinafuata uzi, cha 45 kinakatwa mshazari. Kisha anavizungusha kimoja kimoja juu ya fimbo ya chuma iliyong'arishwa, inayoitwa mandreli, iliyopakwa dawa ya kuzuia kunata. Hapa ndipo bomba linapoharibika au kupona. Hewa ikibaki chini ya shuka, itakuwa kipovu ndani ya ukuta. Shuka likijikunja hata kidogo, nyuzi za hapo hazina tena mwelekeo ulioandikwa kwenye mchoro.

Juu ya matabaka yote hufungwa utepe wa plastiki unaosinyaa ukipata joto. Bomba linaingia oveni, mara nyingi kati ya nyuzijoto 120 na 180. Utepe unabana, gundi inayeyuka, inatembea, inatoa hewa, kisha inakauka kabisa. Sehemu zinazohitaji ubora wa ndege huokwa ndani ya oveni yenye presha, autoklevu, ili vipovu visipate nafasi.

Halafu inakuja sehemu inayowatoa mafundi jasho: kuchomoa mandreli.

Mandreli ya aluminiamu yenye kipenyo cha milimita 30, ikipoa kwa nyuzijoto 100, inapungua kipenyo kwa kama sehemu saba za mia za milimita. Ni nafasi ndogo kuliko karatasi, lakini inatosha, mradi bomba lenyewe lisipungue pia. Na kupungua kwa bomba kunategemea pembe. Nyuzi za kaboni karibu hazisinyai zikipoa, kwa hiyo bomba lenye nyuzi nyingi za kulizunguka linabaki na kipenyo chake na mandreli inatoka. Bomba lenye digrii 0 tupu halina cha kulizuia. Gundi inasinyaa kwa mzunguko, tena kuishinda hata aluminiamu, na bomba linaing'ang'ania mandreli kama pete kwenye kidole kilichovimba.

Kwa fremu za baiskeli, siku hizi nyingi hutumia kalibu: mamia ya vipande vidogo hubandikwa kwa mkono, na puto la ndani linajazwa hewa kuvikandamiza kwenye kuta za kalibu. Teknolojia ya juu, ndiyo, lakini mwisho wa siku ni mtu na vidole vyake.

Kusuka kwa mashine

Njia ya pili ni kuzungusha. Mandreli inawekwa kwenye mashine inayofanana na ya kukereza mbao. Inazunguka. Pembeni, kigari kinakwenda na kurudi kikilisha mafungu ya nyuzi yaliyopitishwa kwenye beseni la gundi.

Pembe inaamuliwa na kitu kimoja: kigari kimesogea kiasi gani wakati mandreli inamaliza mzunguko.

Tuseme mzunguko wa bomba ni sentimita 30. Kigari kikisogea sentimita 30 kwa kila mzunguko, nyuzi zinalala digrii 45. Kikisogea sentimita 21 na kidogo, unapata ile 54.7. Kikisogea milimita 6 tu, upana wa utepe, umefika karibu digrii 89, pete kamili.

Vipi digrii 10? Hapo kigari lazima kikimbie sentimita 170 kwa mzunguko mmoja. Bomba fupi linaisha kabla ya mzunguko haujatimia, na nyuzi zinateleza kwenye ncha wakati wa kugeuza. Digrii 0 kamili ni ngumu kupita zote. Mashine ya kuzungusha, kwa asili yake, inapenda pete na mishazari.

Mitungi ya haidrojeni ya magari inatengenezwa hivi. Toyota Mirai, gari lililoanza kuuzwa Japan mwishoni mwa 2014, hubeba gesi hiyo kwa presha ya baa 700 ndani ya mitungi ya plastiki iliyosukiwa kaboni, matabaka ya pete yakipishana na ya mshazari. Ni kazi ambayo kaboni inaipenda: presha iko ndani, ukuta unavutwa kutoka kila upande, na kila uzi unafanya alichozaliwa nacho.

Titan ilikuwa kinyume chake.

Presha ikiwa nje

Kwenye kina cha mita 3,800, maji yanakandamiza kila sentimita ya mraba kwa uzito wa kama kilo 390. Ukuta wa bomba hauvutwi tena, unabanwa, kwa mzunguko na kwa urefu. Nyuzi ambazo zingebeba tani zikivutwa sasa zinategemea gundi izizuie zisipinde.

Penye kipovu, gundi haipo. Penye mkunjo, uzi umeshaanza kupinda kabla hata mzigo haujaja.

Bomba la kwanza la Titan, lililotengenezwa California mwaka 2017, lilikuwa na ukuta wa inchi 5, yaani milimita 127, na matabaka 480. Yale ya kuzunguka yalisukwa kwa mashine. Yale ya urefu, ambayo mashine ya namna ile haiyawezi, yalibandikwa kwa mashuka yaliyokwisha kulowekwa gundi, moja la kuzunguka, moja la urefu. Kwa mtazamo wa pembe, mpango ulikuwa na mantiki: mizigo miwili, pande mbili. Hata hivyo mwaka 2019, baada ya kushushwa kina kirefu, bomba lile lilikutwa na ufa, likaachwa.

La pili ndilo lililoua.

Ukuta mnene una tatizo ambalo bomba la baiskeli halilijui. Kila tabaka jipya likivutwa na kukazwa, linazibana nyuzi za chini yake, ambazo hazina pa kukimbilia. Zinajikunja, kama zulia lililosukumwa ukutani. Ili kukwepa hilo, ukuta wa pili ulitengenezwa kwa awamu tano, kila moja ya unene wa kama inchi 1. Awamu inaokwa, inakauka, kisha ya pili inajengwa juu yake kwa gundi.

Mikunjo ikatokea hata hivyo. Ikasagwa ili uso uwe laini kabla ya awamu inayofuata. Na kusaga mkunjo ni kukata nyuzi: uzi uliokuwa unazunguka bomba zima sasa unaishia njiani.

Wachunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, walipopima vipande vilivyobaki kutoka ujenzi na vile vilivyotolewa baharini, walikuta mikunjo, vipovu na matundu, pamoja na kasoro kwenye gundi kati ya awamu na awamu.

Hapa ndipo pembe zinapofikia mwisho wa uwezo wao. Unaweza kuchagua digrii 0, 90, 45 au yoyote utakayo, lakini nyuzi zote hizo zimelala ndani ya tabaka lao. Hakuna hata uzi mmoja unaovuka kutoka tabaka hili kwenda lile. Katikati ni gundi tupu. Tabaka zikianza kuachana, ukuta mmoja mnene unageuka kuta kadhaa nyembamba, na ukuta mwembamba ukibanwa unabonyea kwa urahisi zaidi.

Tarehe 15 Julai 2022, Titan ikiwa inapanda kutoka safari yake ya 80, waliokuwa ndani walisikia mlio mkubwa. Vipimo vilivyofungwa ukutani vilionyesha kwamba tangu siku hiyo bomba lilikuwa linaitikia presha kwa namna tofauti na zamani. Kwa maneno mengine, taarifa ilikuwapo. Nyambizi iliendelea kutumika, na baadaye ikahifadhiwa nje, kwenye baridi ya Canada.

Ripoti ya Walinzi wa Pwani wa Marekani ya Agosti 2025 ilisema vifo vile vingeweza kuzuiwa. Titan haikuwa imekaguliwa na kusajiliwa na chombo chochote huru cha viwango.

Kaboni haikupewa nafasi ya kujitetea, watasema wengine, na kuna ukweli humo. Lakini pia ni malighafi isiyosema sana kabla ya kuvunjika. Chuma hupinda kwanza, kikakupa muda wa kushangaa. Kaboni hutoa mlio, pengine, halafu imekwisha.

Ukinunua baiskeli ya mtumba

Wengi wanaosoma hapa hawatashuka kuitafuta Titanic. Ila baiskeli za kaboni za mitumba zipo Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali, na baadhi yake zimeshaanguka mahali ambapo mnunuzi hakuwapo.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba bomba lilibuniwa kwa mzigo wake, si kwa kila mzigo. Bomba la juu la fremu, ambalo linamaliza mbio ndefu bila kulalamika, linaweza kupasuka likibanwa na taya za stendi ya fundi, kwa kuwa huko halina pete za kutosha. Baiskeli ibanwe kwenye nguzo ya kiti. Na hata hiyo nguzo isikazwe kwa kukisia: bolti zake huandikwa kipimo, na kuna spana maalumu inayokiheshimu.

Jambo la pili ni ukarabati. Mafundi wa boti za faiba wa pwani wana mikono mizuri sana, lakini mkeka wa faiba unaotumika kwenye boti una nyuzi fupi zilizomwagwa kila upande. Kwa boti hilo ni sawa, ukuta ukiwa mnene. Ukibandikwa hivyo hivyo kwenye bomba jembamba la kaboni, utaziba ufa na kupendeza chini ya rangi, huku sehemu ndogo tu ya nyuzi zake ikiwa imeelekea kwenye mzigo. Kiraka sahihi kinarudisha kila tabaka kwa pembe yake, kila moja likipanda kidogo zaidi ya lile la chini. Muulize fundi anatumia pembe gani. Akishangaa swali, umepata jibu.

La tatu ni sikio. Fremu ya aluminiamu ikigongwa inabaki na kibonyeo. Ya kaboni inaweza kurudi umbo lake na rangi yake nzima, na ndani matabaka yameachana. Chukua sarafu, igonge taratibu ukifuata bomba, kila sentimita mbili, ukianza karibu na usukani na pale bomba la chini linapokutana na pedali. Bomba zima hulia kwa ukali. Palipoachana hulia butu, kama mlango wenye mchwa.

Unene wa ukuta hubadilika karibu na maungio, kwa hiyo sauti itabadilika polepole hapo, na hilo ni kawaida. Linganisha upande wa kushoto na wa kulia. Ikiwa ubutu uko upande mmoja tu, au unatokea ghafla katikati ya bomba, paweke alama ya chaki na usiipande hadi apatikane fundi mwenye kipimo cha altrasaundi.